Kufundisha Nuru Isiyoonekana: Mionzi ya Urujuanimno katika Madarasa ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa sayansi kufundisha mada ambayo kwa kawaida hupitwa upesi, nayo ni mionzi ya urujuanimno na mahali pake katika spektra ya sumakuumeme. Katika madarasa mengi tuliyoyatembelea, mada hii humalizwa kwa orodha. Mwalimu huandika ubaoni majina ya aina saba za mionzi, wanafunzi huyanakili na kuyaimba kwa pamoja, kisha kipindi kinakwisha. Siku ya mtihani orodha hurudishwa bila kosa, lakini mwenendo wa mwanafunzi mbele ya jua haubadiliki hata kidogo.

Tulipata kuuona upungufu huo kwa njia ya kusikitisha. Tulikuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi ya pwani. Mwalimu-mwanafunzi aliyekuwa akifundisha somo la nuru na kivuli aliwatoa watoto nje karibu na adhuhuri wapime vivuli vya vijiti. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, hewa ilikuwa ya baridi kidogo, na watoto walifurahi. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mwenye ualbino, ambaye alipewa heshima ya kushika rula mwanzo hadi mwisho. Katika fomu ya ukaguzi tuliandika kwamba somo lilikuwa zuri sana, kwa kuwa mwalimu alitumia mazingira. Kesho yake mtoto yule alikuja shuleni akiwa na malengelenge mabegani na shingoni. Hakulalamika tulipokuwa uwanjani kwa sababu wakati ule hakuhisi chochote. Maumivu yalikuja usiku.

Kosa lile halikuwa la mwalimu-mwanafunzi peke yake. Lilikuwa letu pia. Sote tulijua orodha ya spektra kwa moyo, na hakuna aliyeitumia. Ndiyo maana tunawapendekezea walimu wenzetu njia nyingine ya kulifundisha somo hili.

Ugumu wa somo ulipo

Mwanafunzi huja darasani na mawazo yake mwenyewe. Wazo kubwa analokuja nalo katika somo hili ni kwamba jua huunguza ngozi kwa joto lake. Wazo hilo lina mantiki, kwani moto huunguza kwa joto na jua nalo ni moto. Kutokana nalo mtoto hukata mashauri mawili: siku ya upepo au ya mawingu jua halidhuru, na mtu aliyesimama majini yumo salama kwa kuwa maji ni baridi.

Mashauri yote mawili ni ya makosa, na kwa watu wa pwani ni ya hatari. Ngozi yetu ina mishipa inayohisi joto, na jicho linahisi nuru kuanzia nyekundu hadi urujuani. Lakini mwili hauna kiungo chochote kinachohisi urujuanimno wakati unapopiga. Wekundu na maumivu hutokea baada ya saa kadhaa, na aghalabu huzidi baina ya saa 12 na saa 24 baada ya kuunguzwa. Kwa hiyo lengo la kwanza la mwalimu ni kumsaidia mwanafunzi atenganishe mambo matatu ambayo jua huyaleta pamoja: joto, nuru inayoonekana, na mionzi isiyohisiwa wala kuonekana.

Maarifa anayohitaji mwalimu

Mwaka 1666 Isaac Newton alipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo akaonyesha kwamba nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, aliweka vipimajoto katika rangi hizo na kimoja nje ya ukingo wa nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote. Kile cha nje kikapanda kuliko vyote. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa mionzi ya infraredi, yaani iliyo chini ya nyekundu. Mwaka uliofuata, 1801, Johann Wilhelm Ritter wa Jena huko Ujerumani aliugeukia ukingo wa pili. Alitumia kloridi ya fedha, chumvi ambayo huwa nyeusi inapopigwa na nuru. Akaona kwamba chumvi hiyo huwa nyeusi upesi zaidi mahali palipo nje ya urujuani, ambapo jicho haliona kitu. Huo ndio urujuanimno, na jina lenyewe linatosha kuwa somo: ni kile kilichozidi, kilichopita mno urujuani.

Mwalimu azingatie kwamba Herschel na Ritter hawakuiona mionzi waliyoigundua. Waliona kazi yake tu. Njia hiyo hiyo ndiyo tutakayoitumia darasani.

Baadaye James Clerk Maxwell, katika maandishi yake ya mwaka 1865, alieleza kwamba nuru ni mawimbi ya sumakuumeme, na Heinrich Hertz akathibitisha kwa majaribio aliyoyaanza mwaka 1887 kwamba kuna mawimbi ya namna hiyo yaliyo marefu sana, ambayo leo tunayaita ya redio. Mawimbi yote haya ni ndugu. Katika ombwe yote husafiri kwa mwendo mmoja, karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Yanayotofautiana ni urefu wa wimbi na marudio yake. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo marudio yanavyokuwa mengi, na ndivyo kila fungu dogo la nuru, liitwalo fotoni, linavyobeba nishati zaidi. Jambo hili la mafungu lilielezwa na Albert Einstein mwaka 1905.

Hapa ndipo pana ufunguo wa somo zima. Fotoni ya nuru nyekundu yenye urefu wa nanometa 700 hubeba elektronivolti 1.8 hivi. Fotoni ya urujuanimno ya nanometa 300 hubeba elektronivolti 4.1. Kifungo cha kawaida baina ya atomu mbili za kaboni huhitaji karibu elektronivolti 3.6 ili kivunjwe. Fotoni nyekundu, hata ziwe nyingi namna gani, hupasha joto tu. Fotoni ya urujuanimno, hata ikiwa moja, inaweza kuharibu molekuli. Tunaweza kumweleza mwanafunzi kwa mfano wa dafu. Ukilipiga dafu kwa konzi elfu moja utachoka na dafu litabaki zima. Pigo moja la panga hulipasua. Mionzi inayopasha joto ni konzi, na urujuanimno ni panga.

Urujuanimno wenyewe hugawanywa katika mafungu matatu. Fungu A lina urefu wa nanometa 315 hadi 400, fungu B nanometa 280 hadi 315, na fungu C nanometa 100 hadi 280. Ozoni iliyo katika tabaka za juu za angahewa, pamoja na oksijeni, huzuia fungu C lote na sehemu kubwa ya fungu B. Fungu A hupita karibu lote. Fungu B ndilo hasa linaloleta malengelenge, na mafungu yote mawili yanayotufikia hushiriki katika kuharibu chembe hai za ngozi na kusababisha saratani yake. Rangi nyeusi ya ngozi iitwayo melanini huzuia sehemu ya mionzi hiyo. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana kabisa.

Mwalimu asisahau kutaja manufaa. Fungu B huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D. Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nuru. Na maji maangavu yaliyotiwa katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi na kulazwa juani kwa saa 6 hupungukiwa sana na vijidudu, kwa sababu mionzi ya fungu A ikisaidiana na joto huviua.

Zana na matayarisho

Zana za somo hili hazihitaji fedha nyingi. Mwalimu atayarishe:

(a) vigingi 16 na kamba ya kupimia;
(b) beseni la maji na kioo cha kujitazamia;
(c) vikamba vya plastiki vya kufungia mwani, ambavyo wakulima wa mwani huviita taitai, vyote vikiwa vya fundo moja na vipya;
(d) mkebe au kisanduku cha bati chenye kifuniko;
(e) taa ndogo ya kukagulia noti, ya kuazima kwa mwenye duka;
(f) kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa sabuni ya unga, na kingine cheupe cha pamba ambacho hakijapata kufuliwa kwa sabuni hiyo.

Jaribio la vikamba lianzishwe wiki sita au zaidi kabla ya kipindi. Kikamba kimoja kifungwe juu ya paa la shule mahali panapopigwa na jua mchana kutwa. Cha pili kitiwe ndani ya mkebe wa bati uliofunikwa, uwekwe papo hapo kando ya kile cha kwanza. Cha tatu kibaki kabatini.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kutoka kinachoonekana. Asubuhi, kabla jua halijapanda, kioo kiinamishwe ndani ya beseni la maji karibu na dirisha ili rangi zianguke ukutani. Wanafunzi wazitaje kwa mfuatano: nyekundu, rangi ya chungwa, manjano, kijani, buluu, nili na urujuani. Kisha mwalimu aweke alama ya chaki mahali urujuani unapokoma na kuuliza: “Je, nuru inakoma hapa, au jicho letu ndilo linalokoma?” Asiwajibu. Swali hili libaki ubaoni hadi mwisho wa somo.

Hatua ya pili: mstari wa mawimbi. Chini ya mwembe au mkorosho wenye kivuli kipana, wanafunzi wapige vigingi 16 katika mstari, kila kimoja kikiwa mita 1 kutoka kwa mwenzake. Kigingi cha kwanza kiwakilishe wimbi lenye urefu wa mita 1,000. Kila kigingi kinachofuata kiwakilishe wimbi lililo fupi mara 10 kuliko la kabla yake. Kigingi cha 4 kitakuwa mita 1, cha 7 milimita 1, cha 10 elfu moja ya milimita, na cha 16 kitakuwa kwenye mionzi ya gama.

Wanafunzi sasa waweke majina. Redio ikae tangu kigingi cha 1 hadi cha 4; matangazo ya FM ya megahezi 100, yenye mawimbi ya mita 3, yamo humo. Mikrowevu ziko baina ya cha 4 na cha 7, na mawimbi ya simu za mkononi ni miongoni mwake. Infraredi huanzia cha 7 na kupita kidogo cha 10. Urujuanimno huishia kigingi cha 12, eksirei hufuata hadi cha 15, kisha gama. Mwalimu awaeleze kwamba mipaka hii imewekwa na watu kwa urahisi wa mazungumzo. Vitabu vinaweza kutofautiana kidogo, na katika maumbile hakuna ukuta baina ya fungu moja na jingine.

Kisha wapime mahali pa nuru inayoonekana. Itaanza sentimeta 15 baada ya kigingi cha 10 na kukoma kwenye sentimeta 40. Katika mstari wa mita 15, yote tunayoyaona tangu tuzaliwe, bahari, mashua, nyuso za wazazi wetu, yamo ndani ya shubiri moja. Baada ya shubiri hiyo, sentimeta 10 ni za fungu A la urujuanimno, sentimeta 5 zinazofuata, kama upana wa vidole vitatu, ni za fungu B. Kwa uzoefu wetu hapa watoto hunyamaza wenyewe. Waachwe wanyamaze.

Hatua ya tatu: kazi ya kisichoonekana. Vikamba vitatu viletwe na kuvutwa kwa mikono. Kile cha juani huwa kimepauka na hukatika upesi, au hata kusagika kwa vidole. Kile cha ndani ya mkebe huwa bado na nguvu karibu sawa na cha kabatini. Sasa liulizwe swali la msingi: “Mkebe wa bati juani ulikuwa wa moto au wa baridi?” Wanafunzi watajibu kwamba ulikuwa wa moto sana. Basi si joto lililokiharibu kikamba cha kwanza. Wazo la kwamba jua huharibu kwa joto peke yake huvunjika hapa, tena huvunjwa na mikono ya wanafunzi wenyewe. Watoto wa wavuvi wataongeza ushahidi wa nyavu za nailoni zilizoachwa juani, na wengine watataja kanga iliyopauka kambani. Mwalimu akubali mfano wa kanga kwa tahadhari, maana nuru inayoonekana nayo huchangia kupausha rangi.

Kisha, katika chumba chenye giza, taa ya kukagulia noti iwashwe juu ya vile vitambaa viwili. Kilichofuliwa kwa sabuni ya unga hung’aa kwa rangi ya buluu, kwa kuwa sabuni nyingi za namna hiyo huwa na dawa inayopokea urujuanimno na kuurudisha kama nuru inayoonekana. Kingine hubaki hafifu. Taa ielekezwe chini wakati wote, na mtoto yeyote asiitazame machoni.

Hatua ya nne: kivuli kama kipimo. Jua linapokuwa juu, mionzi hupita njia fupi katika ozoni, na urujuanimno unaotufikia huwa mwingi. Kwa hiyo tunayo kanuni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jihadhari. Kipimo hiki hakihitaji saa wala chombo.

Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na Lindi nyuzi 10. Jua hupita utosini Kilwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 26 Februari na tarehe 16 Oktoba. Mnamo Februari, jua likirudi kaskazini, hupita Lindi siku tatu hivi kabla ya Kilwa. Mnamo Oktoba hufika Lindi siku tatu hivi baadaye. Shule mbili zinaweza kuandikiana barua na kulithibitisha jambo hili kwa kijiti kilichosimama wima. Mwishoni mwa Februari kivuli cha mtu wa Kilwa huwa kifupi kuliko yeye tangu saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Na hata mwezi wa Juni, wakati wa kusi na hewa ya ubaridi, huwa kifupi tangu saa 4 na robo hadi saa 8 na nusu. Siku ya kisa chetu cha mwanzo ilikuwa ndani ya saa hizo.

Vijiti vyenyewe visimamishwe na mwalimu na wasaidizi wawili au watatu waliovaa kofia na mikono mirefu, kwa dakika chache tu. Darasa litazame kutoka kivulini. Mwanafunzi mwenye ualbino asitengwe na kazi hii. Apewe kazi ya kuandika vipimo, kivulini, naye akae mahali atakapoona vizuri, kwa kuwa wengi wao wana upungufu wa kuona.

Kuhusisha somo na maisha ya pwani

Wanafunzi waulizwe ni akina nani katika kijiji hukaa juani saa za kivuli kifupi. Watawataja wavuvi, wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, waanikaji wa dagaa, na akina mama wa mwani. Hawa wa mwisho wafikiriwe kwa makini. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana asubuhi ya kuelekea adhuhuri, na ndipo watu wanaposhuka mwambani kuokota pweza na kuhudumia mwani. Bahari haiwapangii saa nyingine. Maji ya miguuni huwapoza, lakini nusu mita chini ya maji urujuanimno bado una karibu asilimia 40 ya nguvu ya juu. Mchanga mkavu hurudisha asilimia 15 hivi, na povu la bahari asilimia 25. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80.

Kwa hiyo ushauri wa “msitoke juani” haufai. Ni ushauri wa mtu asiyekula kwa jasho lake. Ushauri unaofaa ni kofia ya ukili yenye ukingo mpana, nguo ya mikono mirefu iliyofumwa kwa kubana, na kazi zinazoweza kusubiri zifanywe jioni. Wengine watataja liwa inayosagwa juu ya jiwe na kupakwa usoni. Mwalimu aiheshimu mila hiyo, lakini aeleze kwamba haiwezi kuchukua nafasi ya kofia na nguo, hasa kwa mtu mwenye ualbino.

Katika Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi. Mwalimu atakayefundisha miaka mingi hatakosa kukutana na mtoto wa namna hiyo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mwalimu aulize katika kituo cha afya kilicho karibu naye namna ya kuyapata.

Tathmini

Tunapendekeza maswali yasiyoweza kujibiwa kwa kukariri, kama haya:

1. Kikamba kilichokuwa katika mkebe wa moto hakikuharibika. Jambo hilo linathibitisha nini?
2. Mvuvi anasema, “Leo kuna upepo, jua halina nguvu.” Ni sehemu gani ya spektra anayoizungumzia, na ni ipi aliyoisahau?
3. Kwa nini taa ya nyekundu, hata iwe kali, haiharibu ngozi kama urujuanimno unavyoiharibu?
4. Ratiba ya shule imeweka michezo saa 5 mchana. Andika barua kwa mwalimu mkuu, ukitumia vipimo vyako vya kivuli, kupendekeza saa nyingine.

Swali la nne lina uzito kuliko yote. Barua bora ipelekwe kwa mwalimu mkuu kweli, nayo ijibiwe.

Hitimisho

Kufundisha kisichoonekana ni sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu wa sayansi. Vijidudu, umeme, hewa, na mawimbi ya redio vyote hujulikana kwa kazi zao. Mwanafunzi aliyekishika kikamba kilichosagika na kupima shubiri ya nuru katika mstari wa mita 15 atakuwa amejifunza njia itakayomfaa katika mada hizo zote.

Sisi nasi tumejifunza. Katika fomu tunazozitumia sasa kukagua mazoezi ya kufundisha tumeongeza mstari mmoja chini ya kipengele cha matumizi ya mazingira. Mstari huo unauliza: vivuli vilikuwa na urefu gani, na ni mtoto gani aliyekuwa juani?